Siku 90 Zinazochukua Miaka: Historia ya Neno "Subiri" Kenya

Ukipeleka ombi kwa ofisi ya serikali, afisa anaweza kukukatalia ama akuambie usubiri. Wengi wetu tunaogopa kukataliwa. Lakini nikisoma historia ya wakimbizi na wageni hapa Kenya, naona "subiri" imeumiza watu wengi zaidi kuliko "hapana". Ukiambiwa hapana, angalau una barua mkononi. Unaweza kukata rufaa, unaweza kwenda kortini, unaweza kuuliza sababu. Ukiambiwa subiri, utashtaki nini? Hakuna uamuzi wowote. Uko tu, faili yako iko mahali, na miaka inasonga.

Kama una miaka 18 ama 20 na umewahi kungoja kitambulisho kitoke, umeonja kidogo. Umeenda Huduma Center, umeulizwa namba ya simu, umeambiwa utatumiwa meseji. Sasa fikiria hiyo meseji ikae miaka 10. Ama 30. Ama babu yako afe akiingojea.

Leo nataka tupitie hiyo historia, juu naona tunabishana sana kuhusu wakimbizi bila kujua maombi yao yamekuwa yakishughulikiwa vipi.

Tuanze na neno kipande. Sote tunalitumia kumaanisha kitambulisho, lakini lilizaliwa vibaya. Wakoloni walipitisha sheria ya kusajili Waafrika mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, na wengi waliiweka ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku na wenzake waliipinga mapema miaka ya ishirini. Kumbuka hiyo picha. Karatasi ya kwanza ya utambulisho kwa Mwafrika hapa Kenya ilikuwa ya kumfunga, ajulikane yuko wapi na anafanyia nani kazi. Haki zake hazikuwa zimeandikwa popote hapo.

Baada ya uhuru, Kenya ilijiunga na dunia. Mwaka 1966 tulikubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule uliotungwa Geneva baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mkataba huo unasema, kwa lugha rahisi, kwamba mtu akikukimbilia akihofia kuuawa ama kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, siasa yake na mambo kama hayo, humrudishi kule anakotoka. Lakini hausemi ni nani akae kwenye dawati, aulize maswali gani, na ajibu baada ya siku ngapi. Hiyo kila nchi ijipange yenyewe. Kujipanga maana yake ni kutunga sheria.

Sheria yetu ya kwanza ya wakimbizi ilipita lini? 2006. Soma tena. Kutoka 1966 hadi 2006, miaka 40, Kenya ilikuwa imekubali mkataba bila kuwa na sheria yake ya kuutekeleza.

Sasa cha kushangaza ni kwamba miaka ya kwanza mambo hayakuwa mabaya. Katika miaka ya sabini na themanini wakimbizi hapa walikuwa wachache, elfu kumi na kitu hivi, na wengi walikuwa Waganda waliotoroka Idi Amin na vurugu zilizofuata. Maafisa wa serikali yetu ndio walikuwa wanawahoji, mmoja mmoja. Kulikuwa na kituo cha kuwapokea Thika. Ukikubaliwa, ulikuwa unaweza kupata kibali cha kazi cha daraja M, kile cha wakimbizi, na kuishi popote. Waganda wengi walifundisha kwenye shule zetu za sekondari. Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa uhamishoni. Muulize mtu wa miaka 60 aliyesoma shule ya bweni enzi hizo. Kuna uwezekano mkubwa atakutajia mwalimu Mganda.

Kwa hivyo mtu asikudanganye eti Kenya haijawahi kujua kushughulikia maombi. Tulijua. Mtu alikuwa anaingia, anahojiwa, anajibiwa, anaanza maisha. Shida ni kwamba mfumo huo ulitegemea idadi kuwa ndogo na maafisa kuwa na utu. Haukuandikwa kwenye sheria. Kitu ambacho hakijaandikwa kinaweza kutoweka usiku mmoja.

Na kilitoweka. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia. Mei mwaka huo huo Mengistu akaanguka Ethiopia. Mwaka 1992 vijana waliotoroka vita Sudan wakafika Turkana kwa miguu. Ndani ya muda huo mfupi Kenya ikatoka elfu kumi na kitu ikafika wakimbizi karibu 400,000. Hakuna kamati ya kuhoji mtu mmoja mmoja inayoweza kumaliza foleni kama hiyo, hata ingekuwa na nia nzuri vipi.

Serikali ikafanya mambo mawili. La kwanza, ikaachia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kazi ya kupokea na kuamua. Wasomali wengi wakatambuliwa kama kundi zima bila kuhojiwa mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa busara, maana watu walikuwa wanakufa njiani. La pili, ikasema waliotambuliwa wakae kambini. Ndipo zikaja Ifo, Dagahaley na Hagadera pale Dadaab, na Kakuma kule Turkana. Kambi za Dadaab zilipangiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame ulipopiga Somalia, zilikuwa na zaidi ya 460,000.

Hapa ndipo "subiri" ikawa mahali penye jina na ramani. Hukukataliwa, la. Ulitambuliwa kuwa mkimbizi, ukapewa kadi ya chakula, ukaambiwa ukae hapo hadi vita viishe. Kutoka nje ya kambi ulihitaji ruhusa. Kufanya kazi nje ulihitaji kibali ambacho karibu hakikupatikana tena. Na haya yote kwa miaka 15 yalifanyika bila sheria yoyote ya bunge inayosema mkimbizi lazima akae kambini. Ilikuwa amri tu.

Mtoto aliyezaliwa Kakuma 1992 sasa amevuka miaka 30. Kuna wengi wamefanya KCSE yetu, wanaongea Kiswahili kizuri kuliko baadhi yetu hapa Nairobi, na hawajawahi kuona nchi inayoitwa yao. Kuzaliwa hapa hakukupi uraia. Katiba ya 2010 inataka mzazi mmoja awe Mkenya. Njia ya pili iko: kifungu cha 15 kinasema mtu aliyeishi Kenya kihalali kwa miaka 7 mfululizo anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Sheria ya uraia ya 2011 inaongeza masharti, na mojawapo ni kuelewa Kiswahili ama lugha ya wenyeji. Ukisoma hivyo unadhani wale vijana wa Kakuma wangekuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa karatasi ni kweli. Kwa vitendo, mlango huo kwa mkimbizi umekuwa kama ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

Sheria ya 2006 ilipokuja, ilileta kitu ambacho mimi nakiona ni cha maana sana: tarehe. Ukiingia nchini, ombi lako ulipeleke ndani ya siku 30. Na mkuu wa wakimbizi naye alipewa siku 90 za kushughulikia ombi lako. Akikukatalia, una siku 30 za kukata rufaa kwenye bodi. Kwa mara ya kwanza mkimbizi hakuwa peke yake kwenye saa. Serikali nayo iliwekewa saa.

Lakini angalia ni saa ya nani iliheshimiwa. Mkimbizi akichelewa, anaulizwa alikuwa wapi. Serikali ikichelewa, anaambiwa arudi mwezi ujao. Siku 90 zimegeuka kuwa mwaka, miaka miwili, na zaidi. Sheria ilisema serikali ijibu. Haikusema itafanywa nini isipojibu.

Halafu tukaingia miaka ya 2012 hadi 2017, na hapo mambo yakachafuka kabisa. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, na usajili mijini ukasimamishwa. Kituo Cha Sheria wakaenda kortini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Machi 2014 ikaja amri nyingine, na Aprili ikaja operesheni ya Usalama Watch. Eastleigh ikapigwa msako, watu maelfu wakakamatwa, wengine wakafungiwa Kasarani, uwanja ule ule tunaoenda kuona mechi. Mei 2016 serikali ikatangaza itafunga Dadaab na ikavunja Idara ya Wakimbizi. Februari 2017 Jaji John Mativo akasema yote mawili ni kinyume cha Katiba.

Hapo watu wengi hukumbuka vita vya kufunga kambi. Mimi nataka ukumbuke ile idara. Hebu fikiria wewe ndiye umepeleka ombi lako, umehojiwa, umeambiwa ungoje. Asubuhi unasikia kwenye redio kwamba ofisi uliyopeleka ombi imevunjwa. Hujakataliwa. Hujakubaliwa. Anayepaswa kukujibu ndiye hayupo. Ofisi nyingine iliundwa badala yake, ndiyo, lakini usajili wa Wasomali wapya Dadaab ulisimama kwa miaka, na bila kusajiliwa huna hata kadi ya chakula.

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Lakini wewe, umesahau Westgate?" Sijasahau. Watu 67 waliuawa Westgate Septemba 2013. Watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wetu, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Serikali ina kazi ya kutulinda, na kumhoji mtu vizuri kabla ya kumpa karatasi ni sehemu ya hiyo kazi. Sina shida na maswali magumu. Shida yangu ni hii: kutojibu ombi hakumfanyi mtu aondoke. Kunamfanya aishi mtaani bila jina kwenye rekodi yoyote, akitoa kitu kidogo kila akikutana na askari. Kama kweli unaogopa mtu usiyemjua, kitu cha mwisho unachopaswa kufanya ni kusimamisha usajili. Ukimhoji na kumjibu, unajua ni nani na anaishi wapi.

Na usidhani "subiri" ni ya watu waliovuka mpaka juzi. Kuna foleni ya pili, ya watu waliokuwa hapa kabla ya bendera kupandishwa.

Wamakonde walitoka Msumbiji enzi za mkoloni wakaletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa Pwani. Washona walikuja mapema miaka ya sitini kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakiwa wamisionari wa kanisa lao, wakakaa Kiambu. Wapemba walivuka bahari kutoka Pemba, wengi wao wavuvi, wakaishi Kwale na Kilifi. Watoto wao wakazaliwa hapa, na wajukuu pia. Lakini bila kitambulisho hukuweza kupata kazi ya kuandikwa, kufungua akaunti, kununua shamba, hata kusajili laini ya simu. Mvuvi Mpemba alikuwa anajificha kwenye bahari aliyozaliwa kando yake.

Sheria ya 2011 ilisema watu wasio na uraia wa nchi yoyote, walioishi hapa tangu 12 Desemba 1963, wana miaka 5 kuomba kusajiliwa. Dirisha hilo lilifunguliwa Agosti 2011. Unajua ni Wamakonde wangapi walikuwa wamepewa uraia likifungwa Agosti 2016? Hakuna. Miaka mitano ilipita kwa "njoo wiki ijayo".

Oktoba 2016 Wamakonde walichoka. Waliondoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais, na polisi wakajaribu kuwazuia njiani. Hawakurudi nyuma. Walimfikia Uhuru Kenyatta, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha, na vikatoka. Kazi iliyoshindikana kwa miaka mitano ikafanyika kwa wiki chache. Siku ya Jamhuri 2020 ikawa zamu ya Washona zaidi ya 1,600 na watu wenye asili ya Rwanda zaidi ya elfu moja. Julai 2023 Rais Ruto akawatambua Wapemba kule Kilifi.

Nilifurahi kila mara, sitadanganya. Wazee wa miaka 80 wakishika kipande kwa mara ya kwanza, nani hatafurahi? Lakini baada ya shangwe lazima tuulize. Kama karatasi zingeweza kutoka kwa wiki chache, hiyo miaka mingine yote ilikuwa ya nini? Maafisa walikuwa wale wale. Fomu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa alisema. Na haki inayongoja mkubwa aseme inakuacha ukimshukuru mtu kwa kitu ambacho sheria ilishakupa.

Halafu kuna kisa kinachoonyesha jinsi foleni hizi mbili zinavyogongana. Miaka ya njaa kaskazini, familia nyingi za Wakenya Wasomali kutoka Garissa na kwingineko zilijisajili kama wakimbizi Dadaab, maana kambini kulikuwa na chakula, shule na hospitali ambazo serikali yao haikuwa imewapelekea. Watoto wao wakachukuliwa alama za vidole. Walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, mtambo ukasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu ya vijana Wakenya wakanaswa hapo. Mkimbizi halisi anaambiwa athibitishe kwamba si Mkenya anayetafuta chakula, na Mkenya anaambiwa athibitishe kwamba si mkimbizi. Kufuta jina kwenye orodha ikawa ombi lingine, na jibu unalijua tayari.

Jamii hiyo inaijua hii hadithi kutoka zamani. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya Wasomali peke yao na kuwapa kadi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida, kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kamati za kuwachunguza vijana wa maeneo ya mpakani kabla ya kupewa kipande ziliendelea hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotia saini kuziondoa akiwa Wajir. Tena, sahihi ya mkubwa.

Je, kuna nchi imewahi kumaliza foleni kubwa? Vuka mpaka hapo tu. Tanzania iliwapokea Warundi waliotoroka mauaji ya 1972. Mwaka 2007 serikali ikawauliza: mnataka kurudi ama mnataka uraia? Waliotaka uraia wakajaza fomu, zikachambuliwa, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Usiwaone malaika, vyeti vyenyewe vilicheleweshwa kwa miaka na kuanza kugawiwa 2014. Lakini funzo lipo. Faili zaidi ya laki moja zinaweza kusomwa na kujibiwa na serikali ya Afrika Mashariki. Hatuwezi kusema haiwezekani.

Kenya sasa ina sheria mpya. Ile ya 2021 ilianza kazi Februari 2022, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaotaka kambi za Dadaab na Kakuma zigeuke kuwa makazi ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule, hospitali na soko moja. Wazo lenyewe naliunga mkono. Wenyeji wa Turkana na Garissa nao wana haki ya kuuliza watapata nini, na wamekuwa wakiuliza kwa sauti.

Ila mimi nikisoma mipango hii mikubwa, natafuta kitu kidogo sana. Natafuta siku ngapi. Mtu akipeleka ombi leo Kakuma ama Shauri Moyo, atajibiwa tarehe gani? Na asipojibiwa kufikia hiyo tarehe, nini kitatokea? Kuna nchi ambapo ukingoja ombi la ukimbizi kupita muda fulani unaruhusiwa kufanya kazi ukiendelea kungoja. Huko kuchelewa kunakuwa shida ya serikali pia. Hapa kwetu kuchelewa ni bure. Halimgharimu afisa chochote, gharama yote inabebwa na mwenye ombi.

Kwa hivyo ombi langu mimi ni la namba, halina siasa nyingi. Serikali ichapishe kila mwezi: maombi mangapi ya ukimbizi yameingia, mangapi yamejibiwa ndani ya siku 90, mangapi yamepita mwaka. Ifanye hivyo pia kwa maombi ya uraia na ya vitambulisho yaliyokwama kwenye orodha ya Dadaab. Mbunge wako anaweza kuuliza swali hilo bungeni, na mwanahabari anaweza kuliuliza kwenye mkutano wowote. Wewe unaweza kuliuliza hapa hapa mtandaoni ukimtaja waziri anayehusika.

Usimuulize kama anawapenda wakimbizi. Atasema ndiyo, na picha itapigwa. Muulize ni faili ngapi zimezidi siku 90.